Daftari la kuazima vitabu halipimi usomaji

Ripoti nyingi za miradi ya maktaba za shule hutaja kwanza idadi ya vitabu vilivyoazimwa. Hesabu hiyo si ya kudharauliwa: ikishuka ghafla, huenda mwalimu wa maktaba amehamishwa, au kabati limetiwa kufuli kwa hofu ya vitabu kupotea. Lakini mtoto aliyerudisha kitabu bila kukifungua huandikwa sawasawa na aliyekisoma mara mbili.

Ndiyo maana wengine hudai shule zenye maktaba zilinganishwe na zisizo nayo. Wana hoja. Katika jimbo la Karnataka, India, wanafunzi waliofikiwa na mradi wa maktaba walipimwa lugha baada ya miezi 16, wakaonekana hawajawazidi wenzao. Mkoani Tarlac, Ufilipino, shule 100 ziligawanywa kwa kura. Darasa la 4 la kundi moja likapewa vitabu na siku 31 za kusoma shuleni. Huko alama zilipanda, ingawa sehemu ya ongezeko ilipotea baadaye. Naona tofauti kubwa ni kwamba Tarlac usomaji uliwekwa ndani ya kipindi, haukuachiwa hiari ya mtoto.

Ulinganishi nao huharibika kirahisi. Shule 5 zenye mradi na 5 zisizo nao, watoto 20 kila moja, huripotiwa kama sampuli ya watu 200. Kwa swali hili sampuli ni shule 10: watoto wa darasa moja hufundishwa na mwalimu yuleyule, na mwalimu mmoja hodari anatosha kupindua matokeo. Kipimo chenyewe pia kina mitego. Kusoma kwa sauti dakika 1 huonyesha kasi. Bila maswali ya ufahamu, kasuku hufaulu. Darasa la 2 wengi wakipata sifuri kwenye kifungu, ongeza sehemu ya sauti za herufi, la sivyo maendeleo yao hayataonekana.

Wastani nao huficha mengi. Busia, Kenya, vitabu vya kiada vilivyoandikwa kwa Kiingereza viliwainua hasa wanafunzi waliokuwa tayari mbele.

Kwa mradi wa shule 10, sioni haja ya jaribio kubwa lisiloweza kutoa jibu. Andika jina la mtoto kila anapoazima, na anaporudisha kitabu asomeshwe ukurasa mmoja, aulizwe maswali mawili, jibu liandikwe papo hapo. Kura ya kuchagua shule ingoje mradi utakapofika shule 60 au zaidi.