Koti Msumarini, Msomi Kwenye Tindikali

Jamani, kuwa fundi sanifu wa maabara ya chuo ni kazi ya lawama. Wajibu wangu ni kuona wasomi wa uzamili na uzamivu wanaingia na vidole kumi na wanatoka na vidole kumi. Wao wamejipa wajibu wa kunikwamisha.

Chukua fomu ya tathmini ya hatari. Mtu anapima metali zenye sumu, zebaki na risasi, kwenye sangara, fomu aliyoleta inaeleza sumukuvu kwenye karanga. Kanakili ya mwenzake wa mwaka juzi, mpaka namba ya simu. Msimamizi kasaini, mkuu wa idara kasaini, muhuri umegongwa. Kwa hiyo karanga ziko salama kabisa. Mwenye fomu ndiye anakwenda kuchemsha samaki kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 65, ili nyama iyeyuke metali zipimike.

Fomu haitaki insha, wala haitaki "nitakuwa makini" katika kila kisanduku. Inataka kujua kemikali gani, mililita ngapi, kali kiasi gani, unaipasha moto hadi nyuzi ngapi, ikimwagika unafanya nini na mabaki unayapeleka wapi. Basi.

Maana samaki ana mafuta. Ukimimina asidi juu yake na kuweka kwenye joto kali papo hapo, povu linapanda na moshi wa kahawia unatoka kwa fujo. Ndiyo maana sampuli huachwa ilale na asidi usiku kucha bila moto, ndani ya kabati la kuvuta mvuke, halafu joto linapandishwa taratibu. Kioo cha kabati kiwe chini, vyombo vikae sentimita 15 kwenda ndani. Wasomi wangu wanapandisha kioo mpaka juu na kuingiza kichwa ili waone vizuri! Moshi ule una hila. Unakohoa kidogo, unapata nafuu, unakwenda kula chipsi mayai zako, na saa kadhaa baadaye mapafu yanaanza kujaa maji. Aliyeuvuta anakwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama anacheka, na anabeba picha ya lebo ya chupa. Daktari akiambiwa "dawa fulani ya maabara" atatibu nini?

Na umeme ukikatika, feni ya kabati nayo imekufa. Zima swichi ya jiko, shusha kioo, toka nje, funga mlango. Wao wanawasha tochi ya simu na kuendelea, eti sampuli itaharibika.

Mabaki sasa. Chupa ya mabaki ya nitriki na chupa ya mabaki ya ethanoli au asetoni hazichanganywi kamwe. Ukichanganya unaweza kuona kimya kwanza, halafu gesi inajijenga taratibu, na ukiwa umekaza kifuniko, chupa inapasuka wakati wewe uko bwenini. Mabaki ya asidi yanakaa kwenye chupa yake, yenye kifuniko kinachopumua, na lebo yenye jina na tarehe. Chupa ya maji ya kunywa haihusiki. Naona mtu kaweka asidi kwenye chupa ya maji na kuandika "USINYWE" kwa kalamu ya wino, ambayo tone moja la asidi yenyewe linaifuta.

Koti la maabara linaning'inia msumarini kwa sababu ya joto, lakini kwenda kantini linavaliwa, na glavu juu, zikishika kitasa cha mlango ambacho sote tunashika. Hivi koti linamkinga mtu na maharage? Na glavu zenyewe ni zile nyembamba za bluu. Nitriki kali inazitafuna ndani ya dakika chache. Kwa kazi hiyo zinatakiwa nzito, zilizoandikwa aina ya kemikali zinayostahimili. Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa kemia Dartmouth, Marekani, mtaalamu wa sumu za metali, na alikuwa amevaa glavu za mpira. Agosti 1996 matone machache ya dimethili-zebaki, kimiminika cha zebaki chenye sumu kali, yalipita humo. Dalili zilikuja miezi kadhaa baadaye, akafariki Juni 1997. Profesa huyo! Wewe huna hata pendekezo la utafiti lililopitishwa.

Asidi ikiingia jichoni, ni maji, dakika 15 kamili, kope zimefunguliwa kwa vidole, na lenzi zitolewe huku maji yakiendelea kutiririka. Hakuna kukimbilia magadi kuipooza, magadi na asidi vinazaa joto ndani ya jicho. Haya, maji yenyewe yako wapi? Bomba la kuoshea macho linatakiwa lifunguliwe kila wiki. Letu likifunguliwa linatoa kutu, halafu mjusi, halafu hewa. Kwa kiwango cha chini cha lita 1.5 kwa dakika, dakika 15 ni lita 22.5 za maji safi, kwa hiyo ndoo moja yenye koki haifiki. Siku ya mgao wa maji naweka ndoo mbili. Nikirudi, mtu kaoshea vikombe vya chai.

Kizima moto kinashikilia mlango usijifunge. Kile cha unga kina saa yenye mshale, uwe kwenye kijani. Cha gesi ya kaboni dioksidi hakina mshale, hupimwa kwa mzani, kwa hiyo ukikitazama na kusema "kiko sawa" umetazama rangi tu.

Halafu ajali ikitokea, inafichwa. Chupa imepasuka, hakuna aliyeumia, wanafagia wanakaa kimya, wakati hiyo ya nusura iumize mtu ndiyo ya kuandikwa. Chuo kikuu cha Texas Tech, Marekani, Januari 2010, mwanafunzi wa uzamivu alipoteza vidole vitatu. Kemikali ya mlipuko iliyokuwa itengenezwe chini ya miligramu 100 ilitengenezwa gramu 10 hivi, mara mia. Wachunguzi wakakuta vituko vingine vya nyuma kwenye maabara hiyohiyo. Hapa kwetu ukiuliza nani kavunja, wote walikuwa maktaba.

Na hilo friji la sampuli, lenye karatasi nyekundu "SI LA CHAKULA". Nani kaweka maziwa mgando katikati ya formalini, dawa ya sumu ya kuhifadhia sampuli? Aje ayachukue leo, ayamwage. Na asiniulize kama bado yanafaa kwa ugali.