Nywila Yangu kwa Chaki Ukutani

Katikati ya Machi 2020, siku mbili baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, serikali iliagiza wafanyakazi ambao kazi zao si za lazima ofisini wafanyie kazi nyumbani, nami, karani mwandamizi wa masjala katika idara moja ya umma hapa Mombasa, nikarudi kwangu Kongowea na laptopu ya ofisi ndani ya kikapu cha sokoni, ili vibaka wadhani nimebeba nazi. Hiyo ndiyo hatua pekee ya usalama niliyoichukua sawasawa mwaka ule.

Kanuni ya idara ilitutaka tubadilishe nywila kila baada ya siku 90, na kila nywila iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Mimi nilibuni mbinu niliyoiona ya kijasusi kabisa: nilifuata masufuria ya mke wangu. Nilianza na Pilau@2019, nikaingia Biriani@2020, na foleni ya mapishi yaliyobaki nilikuwa nayo kichwani. Afisa wetu wa TEHAMA, binti mpole anayeniita “mzee wangu,” aliwahi kunisimulia kwamba Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwaka 2003 mwongozo ulioeneza kanuni za namna hii, alikiri mwaka 2017 kuwa anaujutia, kwa sababu watu wakilazimishwa kubadilisha nywila kila mara hugeuza kijisehemu tu ambacho yeyote anaweza kukikisia. Nilicheka sana siku hiyo, nikawaonea huruma Wamarekani.

Fundi alipokuja kufunga ruta na kuniuliza nywila ya waifai, nilimpa hiyo hiyo Biriani@2020, kwa kuwa sikuona sababu ya mtu mzima kubeba biriani mbili kichwani. Shule zilikuwa zimefungwa, na kijana wangu wa kidato cha pili alikuwa akizurura ukumbini kutwa nzima, kwa hiyo nikampa naye, lakini kwa onyo kali: “Usimpe mtu nywila hii bure.” Katika sentensi nzima alishika neno moja tu, nalo lilikuwa “bure.”

Wiki ya pili ya Aprili mkuu wa idara aliitisha mkutano wa video, akaniteua niwaeleze wenzangu namna ya kuyalinda majalada ya wananchi tukiwa nyumbani. Ukumbini mke wangu alikuwa akishona barakoa, na cherehani yake hupiga kelele kama pikipiki ya kukodi, basi nikatoa meza barazani na kuketi nikiupa mgongo ukuta ambao watoto wa ploti wameuchorachora kwa chaki hata mimi nilikuwa nimeacha kuutazama.

Nilizungumza vizuri, na hilo sitaki kunyang'anywa. Niliitaja Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na faini yake ya hadi shilingi milioni 5, nikaeleza kuhusu namba za vitambulisho zilizomo majaladani, kisha nikanyanyua kidole na kutamka kwamba nywila ni baina ya mtu na Mola wake. Hapo niliona mabega ya mhasibu yakitikisika. Mkuu wa idara alizima kamera yake. Katika kisanduku changu mwenyewe niliona maandishi nyuma ya kichwa changu, lakini programu ile humwonyesha mtu sura yake kama kiooni, herufi zikageuka kinyumenyume, nikadhani ni michoro ile ile ya watoto. Wenzangu 23 walikuwa wakiyasoma yakiwa yamenyooka.

Simu ikaita. Alikuwa yule binti wa TEHAMA.

“Shikamoo mzee wangu. Tafadhali niambie kwamba iliyoandikwa nyuma yako ni ya waifai peke yake.”

Niligeuka. Kwa mwandiko wa kijana wangu, ambao mwalimu wake husema hausomeki, palisomeka wazi kabisa: WAIFAI – Biriani@2020 – siku bob 20, wiki bob 100 – LIPA KWANZA. Baadaye alijitetea kwamba wateja walikuwa wakiisahau ile alama ya katikati, naye amechoka kuitwa kila saa.

“Mzee wangu?”

“Marahaba,” nikajibu.

Binti aliifunga akaunti yangu papo hapo, akakesha akikagua nani ameingia kwenye mfumo. Hakukuwa na mtu, kwani wateja wa mwanangu walikuwa wakitaka mpira na vichekesho, na hakuna mwenye akili timamu anayenunua mtandao kwa bob 20 ili asome majalada ya masjala. Kijana alikuwa ameshakusanya shilingi 1,340. Nilizitaifisha, nikafuta ukuta kwa kitambaa kibichi, na asubuhi binti aliponifungulia tena akaunti aliniagiza niweke nywila mbili mpya zisizofanana hata kidogo. Nilitii. Ruta niliipa Mahamri@2020, ofisi nikaipa Mbaazi@2020.

Jioni hiyo hiyo, kafyu haijaanza, mtoto wa jirani alipiga hodi. Ana miaka kumi na moja hivi, na adabu yake haina kasoro.

“Ami, ile ya Biriani imekataa. Tumejaribu Ubwabwa, ikakataa. Tumejaribu Viazi, ikakataa. Mahamri imekubali. Sasa tunalipa upya, ama ile wiki yetu inaendelea?”

Nilimwambia inaendelea. Kisha, kwa sauti ya chini ili mke wangu asisikie, nilimwuliza wangejaribu nini kama Mahamri nayo ingekataa.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

“Mahamri, Ami? Si mbaazi!”