Kombamwiko Hana Kabila

Jumamosi iliyopita msimamizi wa ploti yetu hapa Nakuru alipanda hadi orofa ya tatu, akasimama mlangoni pa mpangaji mpya na kumwambia, watoto wake wakisikia, kwamba mende wameletwa na watu wa kwao. "Kabla hamjahamia hapa hatukuwa nao, mama." Uongo mtupu! Nimeishi humo miaka sita, na mende niliowaua kwa ndala hawana idadi.

Tabia hii si ya ploti yetu pekee. Yule mende mdogo mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, mwanasayansi wa Uswidi, Linnaeus, alimbandika jina la Ujerumani mwaka 1767, ilhali baadhi ya Wajerumani wenyewe wamemwita Mrusi, nao Warusi humwita Mprusi, yaani mtu wa Prusia, dola ya zamani ya Wajerumani, kila mmoja akimtupia jirani yake mzigo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba chimbuko lake ni Asia Kusini. Yule mkubwa mwekundu wa mabomba ya maji taka huitwa wa Marekani, kumbe asili yake ni huku kwetu Afrika, akavuka bahari ndani ya meli.

Kiswahili hakikuuliza mdudu huyu anatoka wapi, bali kilimkuta kazini. Ingia jikoni usiku wa manane, uwashe taa ghafla, nawe utamwona juu ya mwiko uliosahauliwa sinki, vipapasio vikicheza, akikwangua ugali uliokauka: huyo ndiye kombamwiko, mwenye kukomba mwiko. Jina limetaja kosa, halikutaja kabila. Nakiri, shingo upande, kwamba "mende" hutamkika upesi zaidi, na mchuuzi wa dawa anayenadi "kombamwiko" sokoni angechekwa hadi afunge biashara.

Hata hivyo, utani wa nani kaleta mende sitaucheka. Mwaka 1994, hapo Rwanda, redio iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende, huku wakichinjwa, na sisi wa Nakuru tunaoikumbuka Januari ya 2008, ya machafuko ya kikabila baada ya uchaguzi, hatuwezi kujifanya hatujui maneno kama hayo huelekea wapi.

Kuhusu pipa la taka lililofurika chini ya ngazi, ambalo ni kazi yake na ambalo halijamwagwa kwa wiki tatu, msimamizi wetu hakusema neno.