Kubadili loa amu nyumbani: hesabu ya mwenye gari wa Dodoma

Gari likianza kugonga mbele kila linapovuka tuta, na likivuta upande ukikanyaga breki, mara nyingi bushi za loa amu zimechanika. Loa amu ni mkono wa chuma wa chini unaounganisha gurudumu na bodi ya gari, na bushi ni viungo vyake vya mpira. Hapo ndipo wenye magari madogo wa Dodoma wanapogawanyika. Wapo wanaosema kazi yenyewe ni bolti chache tu, mtu mwenye jeki na seti ya spana anaimaliza uani kwake Ilazo au Nkuhungu. Wengine wanasema hicho ndicho chuma kinachoshika gurudumu, usikiguse, mpelekee fundi. Mimi naegemea upande wa kwanza, ila kwa masharti ambayo wengi wa upande huo hawayataji.

Hoja yao ina nguvu. Kwenye magari mengi tunayoendesha, loa amu imeshikwa sehemu tatu: bushi mbili kwenye krosimemba, chuma kinachokingama chini ya gari, na boljointi, kiungo cha tufe kinachogeuka pande zote, kwenye naki inayobeba gurudumu. Ukinunua loa amu nzima, yenye bushi na boljointi mpya, huhitaji mashine ya presi ya kusukumia bushi ndani. Kununua bushi peke yake na kuzipachika nyumbani kwa nyundo na kipande cha bomba ni jambo jingine, na hilo sikushauri kabisa. Bushi iliyoingia kombo haidumu. Spea isipopatikana hapa mjini itabidi iagizwe Dar ije na basi, kwa hiyo usifungue nati hata moja kabla haijafika mkononi na hujajua ipi ya kulia, ipi ya kushoto.

Kuokoa fedha ndiyo sababu inayotajwa zaidi, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Mara nyingi ufundi ni nafuu kuliko spea zenyewe. Alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, utailipia vilevile, maana pembe hizo huwa zimeguswa. Ukiongeza stendi za jeki, kifaa cha kutolea boljointi na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, akiba yote imeisha kwa kazi moja.

Faida ya kweli ya kufanya mwenyewe ni kuwa na muda, na muda unahitajika mahali pamoja hasa. Ndani ya bushi kuna bomba dogo la chuma, na mpira umegandishwa juu yake. Bolti ikikazwa, bomba lile linabanwa halizunguki tena. Loa amu inapopanda na kushuka, mpira ndio unaojinyonga na kurudi. Sasa ukikaza bolti gari likiwa limeinuliwa na gurudumu linaning'inia, umeufunga mpira katika mkao wa kuning'inia. Gari likishuka chini, mpira unakaa umejinyonga usiku na mchana, hata likiwa limeegeshwa. Bushi mpya inachanika mapema, na mwenye gari analaumu spea kuwa feki. Feki zipo, tena nyingi, lakini nyingine zimeuawa na mkazaji.

Dawa yake ni kukaza bolti za bushi uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu, au kuweka jeki chini ya naki na kuinua mpaka gari lianze kuachia stendi. Bolti hizi mara nyingi zinahitaji zaidi ya nyutoni mita 100. Kwa spana ya sentimita 30 ni sawa na kuikandamiza kwa uzito wa kilo 35 hivi. Kwenye gereji yenye foleni, hatua hii ndiyo hurukwa kwanza. Mtu asiye na haraka nyumbani anaweza kuifanya vizuri kuliko fundi mwenye magari matano yanayomsubiri.

Lakini uani kuna hatari ambayo haina mjadala. Viwanja vingi hapa vina udongo wa kichanga. Jeki inasimama imara dakika kumi, halafu inaanza kuzama upande mmoja wakati wewe umeshika nati chini ya gari. Bila sakafu ya zege, au angalau ubao mnene na mpana chini ya jeki na kila stendi, kazi hii isianze. Tofali la saruji lisitumike kama stendi hata kwa dakika moja: hupasuka bila kutoa ishara.

Kuhusu kutu, ukame wetu umetupa nafuu. Gari lililoishi Tanga au Dar bolti zake ni kesi nyingine, na bolti iliyoshikana na bomba la bushi huishia kukatwa. Huo si ugomvi wa kuumalizia nyumbani. Na boljointi isiyofungwa sawasawa ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari. Fikiria hilo kwenye barabara ya Morogoro, lori likija mbele yako.

Ndiyo maana kwa anayefungua loa amu mara ya kwanza, naona heri kumwita fundi aje nyumbani. Mikono yake inajua boljointi inavyoachia. Wewe una sakafu imara, toki renchi na muda. Kubalianeni kabla ya kazi kwamba bolti za bushi zitakazwa gari likiwa limeshuka. Akikataa, mlipe nauli yake, utafute mwingine.