Kujenga kidogo kidogo: akiba au mtaji uliolala?

Mchumi akiitazama familia inayojenga nyumba moja kwa miaka kumi au zaidi, huona mtaji uliolala: fedha zimezama katika msingi na kuta ambazo bado hazimkingi mtu na mvua, ilhali zingeweza kuzungushwa katika biashara au kulipia masomo ya watoto. Hoja hiyo ni nzito, lakini haiulizi fedha hizo zingekaa wapi. Katika nchi nyingi zinazoendelea, mkopo wa nyumba hupewa mwenye mshahara wa uhakika na hati iliyosajiliwa, tena kwa riba kubwa, huku akiba ya benki ikiliwa na mfumuko wa bei. Zaidi ya hayo, ni vigumu kumnyima ndugu fedha zilizo mkononi, ila hakuna anayeomba ang'olewe tofali ukutani.

Hata hivyo, ukuta si akiba salama kama wengi wanavyodhani. Saruji iliyokaa stoo miezi kadhaa huvuta unyevu na kuganda ndani ya mfuko, nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo hushika kutu, na muda wote huo familia inaendelea kulipa pango kwingine. Dharura ikitokea, boma, yaani nyumba ambayo haijakamilika, haliuziki nusu.

Kuhusu umiliki, mchumi wa Peru, Hernando de Soto, alidai kwamba hati zingegeuza nyumba za maskini kuwa dhamana ya mikopo. Dai hilo lilikuja kupimwa huko San Francisco Solano, pembezoni mwa Buenos Aires nchini Argentina, ambako familia zilivamia ardhi mwaka 1981. Baadhi zilikuja kupata hati na nyingine zikakosa, kwa kuwa baadhi ya wamiliki wa awali walikataa fidia ya serikali wakaenda mahakamani. Utafiti wa Sebastian Galiani na Ernesto Schargrodsky uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa waliopata hati waliboresha nyumba zao, lakini fursa yao ya kukopa iliongezeka kidogo mno. Kwa maneno mengine, kilichowasukuma kujenga hakikuwa benki.

Kwa maoni yangu, tatizo mara nyingi si uamuzi wa kujenga, bali ukubwa wa ramani. Vyumba viwili vilivyoezekwa na kuhamiwa huondoa pango mapema. Nchini Meksiko, mpango wa Piso Firme uliweka sakafu za saruji mahali pa udongo, na watafiti wakabaini kuwa minyoo, kuhara na upungufu wa damu vilipungua kwa watoto. Hiyo ni sakafu tu, wala si nyumba mpya. Wanaotetea ramani kubwa wana jibu la haki: kuezua paa ili kuongeza vyumba ni gharama, na msingi mwembamba haubebi ghorofa. Ndiyo maana fedha za kumlipa mchoraji wa ramani inayokubali kuongezwa kwa awamu zinapaswa kutengwa kabla ya tofali la kwanza kununuliwa, ingawa ndizo ambazo familia nyingi huziruka.