Umeme Umesharudi Jinja

Baba mdogo alistaafu jeshini akiwa sajini, na tangu arudi hapa Busia anaamini kila kitu chenye skrubu hutii amri. Kwa hiyo tivii ilipokata roho Januari 17, 2017, siku ile ile Uganda inacheza na Ghana, mara yetu ya kwanza kuonekana Kombe la Afrika tangu 1978, hakutaka kusikia habari za fundi.

“Fundi wa nini? Fungua mgongo!”

Ilikuwa tivii ya zamani, ya kisogo kirefu. Nilipotoa kifuniko mende walitoka gwaride zima, na vumbi la ndani lilitosha kupandia muhogo. Baba mdogo akakagua fyuzi, akaikuta nzima, akafurahi. Anayeijua kazi angeanza kuogopa hapo. Fyuzi nzima na tivii haiwaki, maana yake mara nyingi ni kwamba ile kapasita kubwa ya pawa saplai, kikopo cha kutunzia umeme, imejaa na haina pa kuupeleka umeme wake. Volti zetu 240 zikishapita kwenye daiodi hufika kama 340 ndani ya kikopo kile, na zinaweza kubaki humo hata plagi ikichomolewa.

Mimi habari hizo nilishazisikia kwa vijana wa redio sokoni. Nikajaribu kwa adabu: “Baba, si tungengoja kidogo?”

“Tungoje nini? Nimechomoa. Umeme umesharudi Jinja, bwawani ulikotoka.”

Akaupindua ubao, akaushika kwa kiganja kizima, upande uliolehemiwa kwa risasi.

Mlio wenyewe sikuusikia. Niliona mkono tu. Ulipaa, ukapiga beseni la unga ambamo mama mdogo alikuwa anakandia chapati, na bisibisi iliyokuwa mkono wa pili ikaenda kugonga ukutani picha ya baba mdogo akiwa na magwanda, ikavunja kioo. Mwenyewe alikaa chini kwa makalio, nyusi nyeupe, macho yamemtoka, akanguruma:

“Laleni chini!”

Watoto wakalala. Na mimi nikalala, nitafanyaje? Mama mdogo peke yake ndiye aliyebaki wima, mikono imejaa unga.

“Baba Hamisi,” akauliza taratibu, “huo wa Jinja umesahau nini?”

Fundi akaitwa. Alikuja na balbu ya wati 60 yenye nyaya mbili. Akaichomeka tivii, akaichomoa, kisha akagusisha nyaya kwenye miguu ya kapasita. Balbu ikamulika mara moja, pwa! ikazima. Watoto wakapiga makofi, wakamwomba arudie. Akarudia. Baba mdogo aliitazama balbu ile kwa chuki ya mtu aliyetangulia kuifanya kazi yake bure.

Ugonjwa ulikuwa rezista ya kuwashia, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, imekatika. Bei yake haifiki ya chapati. Fundi akalehemu mpya, akafunga kisogo, akaunganisha king'amuzi. Sebule ilishajaa majirani, wengine madirishani.

Picha ikaja, safi kabisa: André Ayew anaweka mpira kwenye nukta ya penalti.

Akafunga. Kimya nyumba nzima. Baba mdogo, kidole kimefungwa kitambaa, akamgeukia fundi.

“Kijana, irudishe ilivyokuwa.”