Hatari Nyingi za Pikipiki Hazina Raha Yoyote Ndani Yake

Anayetaka kujua kwa nini watu wanapenda pikipiki aelekee Usagara, nje ya jiji la Mwanza, alfajiri, lami ikiwa kavu na malori bado machache. Ukishaiacha Buhongwa nyuma, mji unakuachia: hewa ina ubaridi, injini ya cc 150 imetulia kwenye gia ya juu kwa kilomita 60 kwa saa, na kila kona unaiingia kwa mwili mzima, si kwa mikono tu kama kwenye gari. Raha hiyo ni ya kweli. Makala za kumtisha kijana kwa picha za ajali bila kuitaja raha hiyo zinampotezea muda, maana yeye anaijua vizuri na anaona anayemwonya haijui.

Tatizo langu ni hesabu tunayopenda kuipiga. Tunaweka raha upande mmoja na hatari upande mwingine, halafu tunasema pikipiki ndivyo ilivyo, ukitaka moja ukubali na nyingine. Hebu zitaje hatari zenyewe zinazovunja watu hapa Mwanza: cheni iliyolegea, helmeti iliyoning'inizwa kwenye kiwiko, tairi kipara, kuchomekea mbele ya daladala pale Mabatini, mshikaki wa watu watatu, taa ya mbele iliyokufa tangu mwezi uliopita. Ni ipi kati ya hizo inayomwongezea mtu raha? Hakuna. Ni hatari zisizolipa chochote, na ndizo nyingi.

Yenye utamu ni moja: mwendo. Hiyo tuipime kwa haki.

Kwa kilomita 50 kwa saa pikipiki inakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akikatiza barabara, sekunde moja hivi inapita kabla vidole havijabana breki. Mita 14 zimekwisha na hujapunguza kitu. Breki zikiwa nzima na lami kavu, utahitaji nyingine kama 16 hadi kusimama. Jumla mita 30. Ukiwa kwenye 80, mita 22 zinaondoka kwa kushtuka na kama 41 kwa kusimama, jumla 63. Mwendo umeongezeka kwa kilomita 30 tu lakini umbali umezidi mara mbili, kwa sababu ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa breki unazidi mara nne. Sheria yetu imeweka 50 kwenye maeneo ya makazi, na anayepita Nyakato mchana aangalie mwenyewe ni mara ngapi anazipata mita 63 zilizo wazi mbele yake.

Ninavyoona mimi, utamu wa mwendo haukai kwenye mshale wa spidi. Unakaa kwenye kona. Kona iliyochukuliwa vizuri kwa 45 inatosheleza kuliko mstari mnyoofu wa 90, na ina ufundi wa kujifunza. Mwendo unapunguzwa kabla ya kona, si ndani yake. Gia unaishusha mapema. Macho yanatangulia pale unapotaka kutokea, kwa sababu mikono hufuata macho. Anayelikodolea macho shimo huishia shimoni. Kisha unasukuma mbele, taratibu, mkono wa usukani wa upande unaokwenda: kona ya kushoto, sukuma mkono wa kushoto, na chombo kinalala kushoto. Wengi wanalifanya hili bila kujijua. Faida ya kulijua ni siku ya dharura, unapolazimika kukwepa kitu kwa ghafla, kwani mwili ulioshtuka hujaribu kugeuza usukani kama wa baiskeli ya matairi matatu na pikipiki inakwenda kusikotarajiwa. Ukiwa umelala, acha mafuta yaende kidogo na kwa utulivu. Ukiyakata ghafla na kubana breki pale pale, tairi linaombwa kufanya kazi mbili kwa mshiko wa kazi moja, na linakataa.

Breki nayo inahitaji maneno mengi, maana hapa tunafundishana vibaya. Vijiweni kijana huambiwa breki ya mbele inapindua, basi anazoea kukanyaga ya nyuma peke yake. Ukweli wa mambo ni kwamba chombo kinapopunguza mwendo, uzito unahamia mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini na kupata mshiko zaidi, la nyuma linabaki jepesi, na kwa sababu ni jepesi ndilo linalokwama na kuserereka. Kwenye lami kavu kama asilimia 70 ya nguvu ya kusimama inatoka mbele. Asiyeitumia ameacha zaidi ya nusu ya breki zake nyumbani.

Kinachowaangusha watu ni namna ya kuibana. Ukiinyakua kwa mkupuo kabla uzito haujahamia, gurudumu linakwama. Ukiibana usukani ukiwa umekatwa, au juu ya moramu na mchanga, linateleza. Dawa yake ni mazoezi kwenye uwanja mtupu wenye sakafu ngumu: nenda kwa 30, chombo kikiwa wima na usukani umenyooka, anza na vidole viwili, bana kidogo mpaka usikie shokapu za mbele zinazama, ndipo uongeze nguvu; mguu wa kulia ukanyage ya nyuma kwa upole. Rudia mpaka mkono uache kuwaza, kisha panda hadi 40. Kwenye moramu geuza uwiano: ya nyuma iongoze, ya mbele iguswe tu.

Hofu hii si ya Mwanza peke yake. Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alitoa ripoti iliyochunguza ajali 900 za pikipiki. Ilionyesha waendeshaji wakikanyaga sana ya nyuma na kuitumia kidogo mno ya mbele, na zaidi ya asilimia 90 yao walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Ilionyesha jambo jingine linalotuhusu: pikipiki ilipogongana na chombo kingine, karibu mara mbili katika kila tatu aliyekosea ni dereva wa kile kingine, aliyemkatia mwenye pikipiki haki yake ya njia. Kwao gari hatari ni linalokata kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari la kuogopa ni lile linalokuja kwa mbele na kukata kulia kupita usoni pako. Dereva wake anatafuta magari. Pikipiki ni nyembamba, na inayomjia moja kwa moja haivuti jicho lake, anaiona ndogo na ya mbali. Kwa hiyo washa taa ya mbele hata mchana. Ukikaribia makutano, achia mafuta, weka vidole juu ya breki, na tazama gurudumu la mbele la gari lile: linaanza kuzunguka kabla bodi haijaonekana kusogea. Uso wa dereva usiuamini, anaweza kukutazama machoni na asikuone.

Mji wenyewe una mitego yake, na anayetoka mji wa tambarare inambidi ajifunze upya. Vilima vya mawe vina barabara za mawe zinazopanda kwenye makazi, na kushuka ndiko kwenye kazi. Pikipiki nyingi za biashara zina breki za ngoma, na ngoma ikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu inapata moto, viatu vya breki vinapoteza mshiko, pedali inakwenda mpaka chini na chombo hakishiki. Shuka na gia ya kwanza au ya pili, injini ndiyo izuie, breki uiguse na kuiachia. Ile tabia ya kuweka frii na kuzima injini ili kuokoa petroli ni mbaya kuliko inavyoonekana: unaokoa matone, unaitoa injini kwenye kazi ya kuzuia, na mzigo wote unaangukia viatu vya breki.

Mvua ina kanuni yake. Dakika kumi au ishirini za kwanza ndizo mbaya zaidi, wakati maji yanainua oili na vumbi bila kuyaosha. Anayeweza asubiri kwenye kibanda, lakini si chini ya mti. Mistari myeupe ya kivuko cha wapita kwa miguu ivuke wima, bila breki wala kulala. Mvua ikikatika, mchanga ulioteremshwa kutoka vilimani unabaki umetanda juu ya lami, hasa pale vichochoro vinapoingia barabara kubwa, na hapo ndipo kona ya kila siku inapomwangusha aliyeizoea. Ukivuka maji yaliyofika kwenye ngoma, buruta breki kidogo kwa mita chache zikauke kabla hujazihitaji. Kuelekea Mwaloni, Kirumba, chukulia kwamba maji ya samaki na barafu yamemwagika hata kama huyaoni.

Upepo ni wa ziwa na una saa zake. Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina kilomita 3 juu ya maji, na huko hakuna nyumba wala mti wa kukukinga. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti, kaa katikati ya njia yako na upunguze mwendo. Mshtuko mkubwa unakuja unapopitwa na lori au basi: kwa sekunde moja linakuzibia upepo, ukiwa umeegemea upande, halafu linaondoka na upepo unakurudia wote kwa pamoja. Na karibu na ufuko, jioni wadudu wadogo wa ziwani wanapotanda kwa makundi, kioo cha helmeti kikiwa juu utafumba macho ukiwa mwendoni.

Matengenezo yenyewe si marefu. Cheni ikisukumwa katikati, upande wa chini, icheze kama sentimita mbili na nusu hadi tatu. Ikilegea zaidi inaweza kuruka kwenye spoketi na kulikwamisha gurudumu la nyuma, na ikikazwa kupita kiasi inakula beringi. Upepo wa tairi kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 ni kama psi 25 mbele na 28 nyuma, na kufika 32 nyuma ukibeba mtu, ukipimwa tairi likiwa la baridi; kibandiko cha chombo chako ndicho cha mwisho kusema. Tairi kipara linaonekana kusamehe mpaka siku ya mvua.

Kuhusu helmeti sitakuwa mpole. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yalikuta kwamba inapunguza vifo kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Ila lazima iwe imefungwa na ikutoshe. Ivae, funga mkanda mpaka vidole viwili vipite kwa kubana chini ya kidevu, kisha ishike nyuma, shingoni, na uivute kuja mbele. Ikivuka kichwa, itavuka pia siku ya ajali. Iliyowahi kupigwa na kichwa kikiwa ndani imekwisha kazi hata kama nje inang'aa, maana povu la ndani hubonyea mara moja tu. Jaketi la ngozi la mtumba pale Mlango Mmoja halina aibu yoyote, mradi mikono ifike kwenye viganja. Viatu vifunike kifundo cha mguu. Ndala ziachwe nyumbani.

Safari za usiku kwenye barabara kuu, iwe ya Shinyanga au ya Musoma, mimi nasema ziachwe. Taa ya pikipiki ndogo inaangaza mita chache kuliko unazohitaji kusimama kwa 80, na njiani kuna baiskeli zisizo na taa, ng'ombe, na malori yaliyoharibika yamewekewa matawi tu kama onyo. Hapa raha haipo, na mtu hawezi kusema amekubali hatari asiyoweza hata kuiona.

Hilo la kukubali ndilo linalonisumbua kuliko yote. Mwendeshaji mzima, mwenye leseni ya daraja A, aliyejifunza breki na kuvaa vizuri, bado anabaki na hatari isiyoondoka: mtu mwingine anaweza kumgonga bila kosa lake. Akiikubali kwa akili timamu, namheshimu. Lakini abiria aliyepanda kutoka Igoma kwenda Bugando hakuombwa ridhaa kuhusu tairi wala cheni. Mtoto aliyebanwa katikati ya watu wazima wawili hakuombwa chochote. Kwa hiyo ukiwa na mtu nyuma, uzito umeongezeka na umbali wa kusimama nao umeongezeka: acha pengo kubwa zaidi, anza breki mapema. Kabla hujaondoka mwambie apande kwa upande wa kushoto, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi ekzosi iko kulia na inaunguza shavu la mguu. Akiungua, ni maji safi ya bomba kwa dakika 20, si dawa ya meno wala mafuta. Miguu yake ikae juu ya vikanyagio hata mkisimama. Kwenye kona aangalie juu ya bega lako la upande mnaokwenda, mwili wake utalala pamoja na wako bila kufundishwa. Mfungie mkanda wa helmeti wewe mwenyewe kama hajui, na kama huna helmeti ya pili, mwache apande daladala.